"Get" na ndugu zake: lini uiache, lini uibadilishe

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hapa Mtwara huizoea "get" mapema kuliko vitenzi vingi vya Kiingereza. Ni fupi, haichagui, inaingia popote. Shida huanza akifika kidato cha nne, au akiandika barua ya kuomba kazi bandarini, na mtu anayejua zaidi akapiga mstari chini ya kila "get" na kumwambia atafute neno jingine. Anafungua kamusi. Anakuta "receive", "obtain", "acquire", "earn", "become", "fetch", "reach" na "understand" zimefuatana bila maelezo. Anachukua ile iliyo ndefu kuliko zote, na sentensi iliyokuwa salama inapinda.

Mimi hufundisha tuisheni ya Kiingereza mjini hapa, na maneno haya ndiyo yanayorudi kila mitihani inapokaribia. Nimeyaweka mawili mawili au matatu matatu ili msomaji achague mwenyewe. Sitayapa nafasi sawa, maana mengine yana mitego mingi na mengine yanaisha kwa sentensi mbili.

La kushika kwanza ni hili: "get" husema kitu kimefika. Kimefika kwa jasho, kwa zawadi, kwa kununua, kwa bahati au kwa mabavu, haisemi. Ndugu zake karibu wote husema njia. Kwa hiyo, kabla hujatafuta neno la kisomi, jiulize kama msomaji wako anahitaji kuijua njia. Mkipiga soga na mgeni ufukweni Msimbati, hahitaji. Ofisa anayesoma barua yako anahitaji.

Tabia hii ina historia yake. "Get" iliingia Kiingereza pamoja na Waskandinavia waliovuka bahari na kulowea Uingereza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walikuwa wakulima na mabaharia, na neno lao likabaki la shambani na jikoni. "Receive" na "obtain" asili yake ni Kilatini, na zilipitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Hao walikuwa watawala, mahakimu na makarani. Miaka mingapi imepita, na bado ukitumia "obtain" unasikika umevaa tai.

Sisi hatuna haja ya kushangaa, kwani tuna "fika" na "wasili". Basi la Newala linafika stendi, Waziri anawasili uwanja wa ndege. Ukisema shangazi amewasili na ming'oko yake kichwani, sentensi haina kosa la sarufi hata moja, na watu watacheka. Kicheko hichohicho ndicho anachokizuia Mwingereza usoni unapomwambia "I obtained a cold".

(Kwa wanaopenda mashindano: "get" si bingwa wa maana nyingi. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipofika kwenye "run" walihesabu maana zaidi ya 600. Kabla ya hapo taji lilikuwa la "set".)

Pale "pata" inapokudanganya

Nianze na mtego unaotokana na lugha yetu wenyewe. "Pata" nayo ni kitenzi cha mzigo mzito. Tunapata chakula, tunapata homa, tunapata mtoto, tunapata kibali, tunapata ajali. Kwa kuwa "get" na "pata" hukutana mara nyingi, mtu huamini zinakutana daima.

"Nimepata ajali" si "I got an accident". Mwingereza husema "I had an accident", au "I was in an accident" kama ulikuwa abiria tu. Kosa hili ndilo ninalolisikia kuliko mengine yote, hata kwa watu waliosoma hadi chuo kikuu, na sababu ni kwamba Watanzania wenzako watakuelewa bila kusita. Mgeni ndiye atakayeduwaa.

"Dada amepata mtoto" si "My sister got a baby". Sikio la Mwingereza linasikia kwamba dada alikwenda mahali akachukua mtoto, pengine wa kulea. Sema "My sister had a baby". "Gave birth to a boy" ni sahihi pia, lakini ni ya ripoti ya zahanati au ya gazetini, na katika mazungumzo ya kawaida "had" inatosha.

Magonjwa yanagawanyika. "Get malaria" ni sawa kabisa. "Catch" inapendwa kwa yale ya kuambukizana, kama mafua: "catch a cold", "catch the flu". "Contract" ni ya kidaktari, iache kwenye taarifa. "Suffer from" husema hali uliyonayo kwa muda, si siku ulipougua. Halafu kuna presha. Mtu akisema "My grandfather got pressure", msikilizaji ataelewa babu alibanwa na kazi au na wadeni. Ugonjwa wenyewe ni "high blood pressure", na kitenzi chake ni "has".

Fedha ya korosho: "earn", "receive", "get paid"

Hapa ndipo tofauti zinapoonekana wazi kuliko popote, na wenye kuziona vizuri ni watu wa mkoa huu.

Mkulima wa Tandahimba hapeleki korosho sokoni akarudi na noti mfukoni. Anazipeleka chama cha msingi, zinapimwa, zinasafirishwa hadi ghala kuu, zinauzwa mnadani, na fedha inaingia benki siku nyingine kabisa. Ndivyo mfumo wa stakabadhi ghalani ulivyokwenda tangu ulipoanza kwenye korosho mwaka 2007. Katikati ya kuuza na kushika fedha kuna muda, na katika muda huo ndipo vitenzi vinapoachana.

"Earn" husema haki imepatikana kwa kazi. Korosho zimeuzwa, kiasi kinajulikana, ni chako, hata kama hujakiona. "Receive" husema kimefika mikononi au kwenye akaunti. Kwa hiyo mkulima anaweza kusema, na akaeleweka vizuri: "We earned two million shillings, but we have not received it." Sasa weka "get" pande zote mbili: "We got two million shillings, but we have not got it." Mzungu atakuuliza umepata au hujapata.

"Get paid" inasimama katikati. Ni ya mazungumzo, inasema mtu mwingine amekulipa, na haimtaji. "Have you got paid yet?" ni swali la jirani kwa jirani wakati wa msimu. Ukiandika malalamiko kwa ofisi, tumia "be paid": "The farmers have not been paid." Ni fupi, ina adabu, na haina masihara. Anayeandika habari za msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likakabidhiwa kazi ya kuzisomba, atazihitaji "earn", "receive" na "be paid" karibu katika kila aya. Akizichanganya, msomaji wa nje hatajua nani alikuwa anamdai nani.

Kuna wanaotumia "earn" hata kwa zawadi au msaada. Usifanye hivyo. Kama mjomba amekutumia laki moja, huja-"earn" kitu, ume-"receive", au kwa maneno ya kila siku "my uncle sent me some money". Na kama mjomba huyohuyo amekutafutia kazi (na kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera mjomba ana neno lake), sema "My uncle found me a job". "My uncle got me a job" nayo ni sahihi, ila inanusa kujuana kidogo. Kwenye usaili usiitaje kabisa.

Kibali, cheti na mifupa ya Tendaguru

"Obtain" na "receive" hutafsiriwa zote "pata" au "pokea", na hapo ndipo wanafunzi wanapozibadilishana ovyo. Tofauti yake tunaijua vizuri kwa jina la kufuatilia. "Obtain" ni kufuatilia hadi kikatoka: umejaza fomu, umelipa ada, umeambiwa urudi Jumatatu, umerudi, na hatimaye umekipata. "Receive" ni kuletewa au kukabidhiwa. Leseni ya udereva una-"obtain", barua una-"receive". Cheti kinaweza kuwa vyote viwili. Ukisema "I obtained a certificate in electrical installation", unazungumzia masomo. Ukisema "I received my certificate on Friday", unazungumzia siku ulipokabidhiwa karatasi. Barua ya kazi inataka ile ya kwanza.

"Gain" ina watu wake: "experience", "confidence", "weight", "access". Uzoefu una-"gain", hu-"earn". "Acquire" hupendelea ujuzi, ardhi na mali. "Acquire skills" ni nzuri kwenye wasifu wa kazi, mara moja, usiirudie.

Lakini "acquire" ina upande mwingine, na kwa mtu wa Lindi anayetembeza wageni upande huo una uzito. Kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig ulichimba pale mifupa ya dinosaria. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini, zikaenda Berlin. Kiunzi kikubwa kuliko vyote, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimesimama katika makumbusho ya mji huo tangu 1937. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa miaka michache tu kabla ya msafara huo, na nchi ilikuwa koloni.

Sasa mgeni anakuuliza mifupa ilifikaje Ujerumani. Una vitenzi kadhaa mezani.

"The Germans got the bones." Mtu ataelewa, lakini hujasema lolote, kwa kuwa hata aliyenunua kwa mkataba na aliyeiba usiku wote wame-"get".

"The museum acquired the bones." Hili ndilo neno wanalolipenda wenye makumbusho duniani kote. Linasikika kama karani amesaini risiti. Ukilisoma, hujui kama aliyekuwa na kitu kabla yao aliulizwa.

"The Germans took the bones." Ni kweli, na ni wazi. Udhaifu wake ni kwamba inaruka kazi yote, na msikilizaji anaweza kudhani mifupa ilikuwa imelala juu ya ardhi ikisubiri.

"The bones were excavated at Tendaguru and shipped to Berlin." Hii ina njia nzima: kuchimbua, kisha kusafirisha kwa meli. Kilichopungua ni mtu, maana Kiingereza, kama Kiswahili, kinaruhusu mtenda afichwe nyuma ya "were" kama tunavyomficha nyuma ya "-wa". Na watenda walikuwepo. Mamia ya vibarua wa huku ndio waliochimba na kubeba, na msimamizi wao, Boheti bin Amrani, jina lake limeandikwa katika kumbukumbu za msafara wenyewe. Mimi ningemshauri mtembeza wageni aseme hivi: "Hundreds of local workers dug up the bones for a German expedition and carried them to Lindi, and the Germans shipped them to Berlin." Ni ndefu kuliko zote. Pia ndiyo pekee ambayo mgeni akiondoka nayo hatahitaji kuuliza tena nani alifanya nini. Baada ya hapo, akitaka kujua kama "took" ni neno la haki, mjadala ni wake na wako.

"Get" na "become"

Zote mbili huonyesha mabadiliko, na kamusi huziweka sawa. Hazilingani. "Get" huenda na hali zinazokuja na kupita: "get hungry", "get tired", "get angry", "get wet", "get dark". "Become" huenda na mabadiliko ya polepole au ya cheo: "become famous", "become independent", "become chairman".

Mtego uko kwenye nomino. "She became a nurse" ni kwamba amekuwa muuguzi. "She got a nurse" ni kwamba amepata muuguzi wa kumhudumia. Baada ya "get" ya mabadiliko huwezi kuweka cheo, unaweza kuweka sifa tu. Nimesoma barua ambayo mwombaji alisema anataka "to get an accountant". Kwa Kiingereza chake alikuwa anaomba aajiriwe mhasibu wa kumhesabia fedha.

Pia zipo "go" na "turn", fupi na zenye kazi maalumu. Chakula kinachoharibika "goes bad", samaki wa jana kwenye joto la Mikindani "has gone off". Majani "turn yellow", na kijana anayetimiza miaka "turns 18". Mwanafunzi akizijua hizi mbili anasikika ameishi na lugha, kuliko yule aliyebeba "become" kila mahali.

Safarini: "get to", "arrive", "reach"

Hapa maana ni moja na kosa liko kwenye kihusishi.

"Get" inataka "to": "get to Lindi". "Arrive" inataka "in" kwa mji na "at" kwa stendi, kituo au nyumba: "arrive in Lindi", "arrive at the bus stand". "Reach" haitaki kitu: "reach Lindi". Sentensi ya "We reached at Lindi" imeenea hapa kwetu kiasi kwamba wengine hudhani ndiyo sahihi. Siyo. Na nyumbani, mbili za kwanza huacha vihusishi vyao: "get home", "arrive home".

Kwa matumizi: ukimuuliza kondakta au ukimweleza mgeni, chagua "get to". "What time do we get to Masasi?" Kwenye tiketi, ratiba na tangazo, "arrive". "Reach" iweke pale kufika kulipokuwa na ugumu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Kusini upande wa Kilwa, magari yalikwama pande zote mbili, na sentensi ya gazeti ingekuwa "Trucks could not reach Lindi". "Could not arrive in Lindi" ingeshangaza, maana "arrive" haina jasho ndani yake.

Kupanda na kushuka kunategemea chombo. Ukiweza kusimama au kutembea ndani yake, au ukikikalia kwa kupanda mgongoni, ni "get on" na "get off": basi, pikipiki, baiskeli, kivuko cha Msangamkuu. Ukilazimika kuinama na kuketi moja kwa moja, ni "get in" na "get out of": teksi, bajaji, mtumbwi mdogo. "Board" na "alight" ni za matangazo. Ukimwambia dereva wa bodaboda wa Kiingereza "I want to alight", atakuelewa, atakushusha, na huenda akadhani wewe ni kipaza sauti cha stesheni.

Ndugu wa karibu wa hapa ni kuchukua na kuleta. "Fetch" ni kwenda, kuchukua na kurudi nacho, safari mbili katika neno moja, ndiyo maana kuchota maji ni "fetch water". "Go and get your brother" ni ileile kwa maneno ya nyumbani. "Bring" ni kuja nacho, "take" ni kwenda nacho. "Collect" ni kwenda kuchukua kilicho tayari, kama kifurushi ofisini kwa basi. Na tafadhali, ukimwomba rafiki akufuate stendi, usimwandikie "Pick me at the bus stand". Hiyo ni "nichague". Ongeza "up": "Pick me up".

Ndoa

"Get married" ni tukio, "be married" ni hali, "marry" ni kitenzi chenye mtu mbele yake bila kihusishi: "Asha married Juma". Usiweke "with". Kiingereza hakijali nani kaoa na nani kaolewa, Asha anaweza "marry Juma" na Juma "marry Asha", siku hiyohiyo, harusi hiyohiyo.

Tatizo ni "nimeolewa na Juma". Ukiitafsiri neno kwa neno unapata "I was married by Juma", na kwa Kiingereza hapo Juma ni sheikh au padri aliyefungisha ndoa. Mumeo hajatajwa bado.

Kumfanya mtu afanye

Kiswahili kina "-isha" na "-esha", na kinamaliza kazi. Kiingereza kinakutaka useme umetumia nini. "I got him to sign": nilimbembeleza au nilimshawishi, akasaini. "I made him sign": nilimlazimisha. "I had him sign": ni kazi yake, nilimpa asaini. "I let him sign": alitaka, nikamruhusu. Angalia kwamba "get" peke yake ndiyo inayotaka "to". Katika maelezo ya polisi au barua ya kikazi tofauti ya "got" na "made" inaweza kuwa tofauti kati ya makubaliano na shuruti, kwa hiyo usiichague kwa kusikia tu ipi inapendeza. Kwa huduma za kulipia, "get" na "have" hulingana: "I got a dress made" na "I had a dress made" zote ni kushonesha gauni.

Kuelewa

"I get it" na "I understand" ni kama "nimekupata" na "nimeelewa". Ya kwanza kwa rafiki, ya pili kwa bosi. "I didn't catch your name" ni kwamba sikusikia vizuri, na ni adabu zaidi kuliko "I didn't get your name".

Wenyeji wa Mtwara tuna neno moja la ziada la kuangalia. Mmarekani akikuambia "I need to get gas", hatafuti mtungi, wala haelekei Madimba kwenye mitambo ya gesi. Anataka petroli ya gari. Gesi ya Mnazi Bay, kwa upande wake, haiwi "got" kwenye maandishi ya kitaalamu: inakuwa "extracted" kisimani, "processed" kiwandani, kisha inakwenda Dar es Salaam kwa bomba.

Barua moja, mara mbili

Hii ni ya kwanza, ya aina ninayoletewa mara nyingi:

"I got my certificate in 2022. I got experience in a shop where I got to meet many customers. I want to get a job in your office. I will be happy to get your reply."

Na hii ni baada ya kuchagua:

"I obtained my certificate in 2022. I gained experience in a shop, where I served customers every day. I am applying for the post of office assistant. I look forward to hearing from you."

Angalia kwamba ni "get" mbili tu zilizopewa neno jingine moja kwa moja. Ya tatu imeondoka na nafasi yake ikachukuliwa na kazi yenyewe, "served", kwa sababu kukutana na wateja si sifa, kuwahudumia ndiyo sifa. Ya nne na ya tano hazikuhitaji ndugu yeyote wa "get". Zilihitaji sentensi nyingine. Mwanafunzi anayebadilisha neno kwa neno angeandika "I want to obtain a job" na "I will be happy to receive your reply". Ya pili ingepita. Ya kwanza ni shangazi amewasili.

Ukiandika ujumbe wa simu kwa rafiki, iache ile barua ya kwanza ilivyo. Haina ubaya wowote huko.

"Got" au "gotten"

Shule zetu hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani andika "has got", si "has gotten". "Gotten" si kosa, ni ya Marekani, na simu nyingi huipendekeza kwa kuwa zimewekwa Kiingereza cha huko. Waamerika wanaitumia kwa faida: "I've got a ticket" kwao ni "nina tiketi", na "I've gotten a ticket" ni "nimepata tiketi". Mwingereza anabeba zote mbili kwa "got" na kukuachia ukisie. "Forget" ni ya ukoo huohuo, ila yenyewe ilibaki na mkia pande zote mbili za bahari: "forgotten", London na Chicago, na kwenye karatasi yako ya mtihani pia.